Kwa Nini Wimbo wa Handaki Hunyamaza Katikati

Shikeni nyungo zenu na msiache kuchambua mchele, maana nitakayosema yanaingia masikioni, hayahitaji mikono. Nimemsikia huyo kijana wa spika, aliyeletwa na shemeji zetu kutoka mjini kwa ajili ya harusi ya kesho, akijaribu mitambo yake pale barazani. Ameupiga Wimbo wa Handaki. Vizuri. Lakini pale katikati, mahali wimbo unaponyamaza na watu wakageuka, yeye amepajaza ngoma. Nilipomuuliza akanijibu, "Bibi, pale palikuwa na pengo, nimeliziba." Ameliziba! Yako mapengo ya kuzibwa, kama la paa wakati wa masika, na yako ya kuachwa kama yalivyo. Leo nitawaambia habari za hilo pengo, naye asikie huko huko aliko. Najua anasikia, amepunguza sauti.

Hapo kale, kabla mama yangu hajazaliwa, mlima wetu wa Lukando ulikuwa mzima, hauna tundu. Upande wa machweo kilikaa kijiji cha Chisalu, na upande wa mawio kilikaa Mhelule, yaani hapa tulipo. Watu wa Chisalu walioa Mhelule na watu wa Mhelule walioa Chisalu, kwa sababu hapakuwa na watu wengine karibu wa kuwaoa. Ukirusha jiwe bila kutazama, liliangukia kwa mkwe wa mtu.

Na ukwe wa siku zile haukuwa wa mchezo. Leo nawaona mnakaa kochi moja na wakwe zenu mkitazama tamthilia na kunyang'anyana rimoti. Wakati ule mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakusemezana, hawakula mahali pamoja. Si kwa chuki, ni kwa heshima. Mama aliyekupa binti yake alikuwa mtu wa kuogopwa, na wewe uliyemchukua binti wa watu ulikuwa mtu wa kuchungwa. Kama lilikuwepo jambo la lazima kusemwa, lilisemwa kupitia kitu cha tatu: mtoto, mbwa, hata kinu. Utamsikia mtu anasema, "Ewe kinu, mwambie mwenye nyumba mbuzi wameingia shambani." Na mwenye nyumba amekaa pale pale, anamsikia vizuri, anasubiri kinu kimalize kuambiwa ndipo ainuke.

Njia ilikuwa moja tu, ile ya kupanda mlima na kushuka upande wa pili. Kila aliyepita alikwenda akikohoa, ili kama mkwe wake anakuja mbele apate kujua. Wakisikilizana kikohozi, mdogo aliingia kichakani, akageukia huko, akangoja mama apite. Vichaka vya Lukando vilikuwa vingi na vizuri. Vingine vilikuwa vimelala kabisa katikati, kwa jinsi wanaume walivyovizoea.

Aliyevunja mwiko huo hakupigwa wala hakufukuzwa. Alifanyiwa jambo baya zaidi. Mke wake alirudishwa kwa mama yake na kukaa huko mpaka mavuno mengine yapite na wazee waridhike. Kama walikuwa na mtoto, mtoto naye alikwenda. Mwanamume alibaki na kuku.

Kisha ikaja reli. Sitawachosha kwa habari za reli. Ilikuja, ikafika kwenye mlima, ikashindwa kupanda. Basi wenye reli wakautoboa. Walitoboa kutoka Chisalu na kutoka Mhelule, na walipokuwa karibu kukutana wakagundua kwamba matundu mawili hayatazamani. Ikabidi wayaunganishe kwa kona. Ndiyo maana mpaka leo handaki letu limepinda katikati kama kiwiko, na pale kwenye kiwiko mwanga haufiki, si wa huku wala wa kule. Hata saa sita ya mchana ni giza la kutia kidole machoni.

Walipomaliza, watu wakaanza kupita humo kwa miguu saa ambazo gari moshi halipo. Ilikuwa marufuku, lakini kupanda Lukando na mzigo kichwani ilikuwa marufuku ya magoti, na magoti yana nguvu kuliko tangazo. Watu wakasifu handaki. Halina jua, halina mvua, halina nyoka, na njia imenyooka mpaka kwenye kiwiko. Katika sifa zote hizo hakuna aliyekumbuka kwamba halina kichaka.

Sasa huko Chisalu alikuwepo kijana mmoja aitwaye Senyagwa, mrefu, mwembamba, kibarua wa kubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Alikuwa amemwoa Mbula, binti wa hapa Mhelule, na akampenda mpaka wenzake wakamcheka. Mbula aliposhika mimba ya kwanza alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama desturi inavyotaka. Senyagwa akabaki peke yake na chungu. Akapika ugali wa kwanza, akamtupia mbwa. Mbwa akaunusa, akamtazama kwa huruma, akaenda zake.

Siku moja habari zikaja: Mbula amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Senyagwa alilia. Sisemi alitokwa na chozi, nasema alilia kwa sauti, akiwa ameshika nyundo katikati ya reli, na nyapara akalazimika kumpumzisha. Lakini hakuruhusiwa kwenda hivi hivi. Ilimpasa angoje kitovu kidondoke, kisha apeleke jogoo mwekundu kwa shemeji zake, kaka za Mbula. Jogoo akipokelewa ndipo ataonyeshwa mtoto, na ndipo wataamua siku ya mama na mtoto kurudi Chisalu. Kosa lolote la ukwe kabla ya siku hiyo, basi, mtoto atamwona akiwa anatembea. Senyagwa alilijua hilo. Alilala nalo, akaamka nalo.

Kitovu kikadondoka. Asubuhi ile Senyagwa akatia jogoo kwenye kikapu, akavaa shati lake jeupe la harusi, akasimama njia panda akifikiri. Akajiambia, "Leo ni siku ya mama mkwe kwenda gulioni, naye ni mtu wa njia ya mlimani. Nikipanda mlima nitakutana naye. Afadhali nipite handakini." Akajiona mwerevu.

Na asubuhi ile ile, hapa Mhelule, mama yake Mbula alikuwa amejifunga kitenge, anakwenda Chisalu kuzungumza na mama yake Senyagwa juu ya kumrudisha binti. Huyu mama aliitwa Chilewa. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye kifua cha kubeba kinu, na kila alipochoka alikuwa na kauli yake moja aliyojulikana nayo vijiji vyote viwili: "Ewe mgongo wangu, nilikukosea nini?" Naye akasimama njia panda akifikiri. Akajiambia, "Kitovu kimedondoka. Mkwe wangu hawezi kusubiri, leo atakuja, na mtu anayeleta jogoo wa heshima atakuja kwa njia ya heshima, ya mlimani. Afadhali nipite handakini." Naye akajiona mwerevu.

Ndivyo walivyoruka majivu wakakanyaga moto, na moto wenyewe ulikuwa na kona.

Senyagwa akaingia kwa upande wa Chisalu. Mtu mwenye adabu, akakohoa. Handaki likamkoholea. Akashtuka, akasema moyoni, kumbe kuna mtu mzima anakuja. Akasimama pembeni, akageukia ukuta, akangoja apite. Hakupita mtu. Akangoja tena, maana wazee hawaharakishwi. Mwisho akakohoa kwa upole kuuliza kama bado yupo, na yule mzee akamjibu kwa upole ule ule. Senyagwa akangoja sana asubuhi ile, akitoa heshima kwa kikohozi chake mwenyewe.

Na huku, upande wa Mhelule, Mama Chilewa naye alikuwa amesimama, kwa kuwa amekohoa na kusikia mtu anakohoa. Akasema, "Huyu mtu mbona hapiti? Au ana maradhi ya kifua?" Akamwonea huruma. Ndiyo hali ilivyokuwa: mlima mzima umejaa watu wawili, kila mmoja anajipisha.

Jogoo ndiye aliyeharibu utulivu. Alikuwa kikapuni, gizani, akadhani kunakaribia kucha, akawika. Handaki likawika mara nne. Jogoo akaona amezungukwa na majogoo wasiojulikana, akaghadhibika, akawika kwa nguvu zaidi. Mama Chilewa akasikia majogoo kumi mbele yake, akajua amekaribia Chisalu. Akakaza mwendo, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Senyagwa naye akakaza mwendo, amtoe jogoo gizani kabla hajafa kwa hasira. Kila mmoja akaingia kwenye kiwiko kwa upande wake.

Pale kwenye giza lenyewe, hatua chache mbele yake, Senyagwa akasikia sauti ikisema, "Ewe mgongo wangu, nilikukosea nini?"

Akatafuta kichaka kwa mikono yake yote miwili, akapata jiwe. Mama Chilewa naye alisikia kikapu kikigugumia na kunusa mafuta ya reli, na kibarua wa reli aliyebeba jogoo siku ile hakuwa mwingine. Akajifunika kitenge usoni, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Senyagwa akaamua kurudi kinyumenyume alikotoka. Akasogeza mguu, kisigino kikagusa reli. Reli ilikuwa inatetemeka. Ninyi mmezaliwa na honi, lakini siku zile gari moshi liliingia handakini kimya kimya, kama mgeni asiyepiga hodi. Kibarua aliyeshinda juu ya reli haulizi mtetemo ule ni wa nini. Gari moshi lilikuwa limeshaacha Chisalu, linakuja nyuma yake, na Mhelule ni mbali kwa miguu ya mama mnene gizani.

Kilikuwepo kishubaka kimoja tu pale kwenye kiwiko, kilichochongwa ukutani ili vibarua wajifiche gari likipita. Senyagwa alikijua. Mama Chilewa alikuwa amesimama karibu nacho kabisa, wala hakujua. Fikirini, wanangu. Akinyamaza, mama atasagwa. Akisema, "Mama, ingia humo," amemsemesha mama mkwe, tena amemwamuru, na Mbula na mtoto hatawaona mpaka mavuno mengine. Kinu hakikuwepo. Mtoto hakuwepo. Akafungua kikapu, akamshika jogoo, akamwinua mbele ya uso wake. Na kwa kuwa hata kumwambia jogoo kwa ukali mbele ya mkwe kungekuwa utovu wa adabu, akashika sauti ya vibarua wanapoinua mataruma, akaimba:

*Ewe jogoo wa tunu, mlima unanguruma,*
*Ewe jogoo wa tunu, moshi waja nyuma yangu,*
*Kuna tundu kwa kulia, kimbilia ujifiche!*

Jogoo hakuelewa. Mama Chilewa alielewa neno kwa neno. Lakini alikuwa mtu makini, asiyependa kufanya jambo nusu nusu, naye akamwimbia jogoo kwa sauti ile ile:

*Mwulize mwenye kikapu, kulia kwake au kwangu?*

Hapo wimbo ukanyamaza.

Ukanyamaza kwa sababu Senyagwa hakulijua jibu; neno kulia lilimtoka kwa mazoea ya vibarua, hakupima ni kulia kwa nani. Walikuwa wameelekeana, kulia kwake kulikuwa kushoto kwa mama. Akaona njia ya pekee ni kugeuka asimame kama anavyosimama mama, ajue mkono wake wa kulia uko wapi. Akageuka. Lakini giza halina mbele wala nyuma, na jogoo alikuwa anampiga mabawa usoni. Akapotewa, hakujua kama amegeuka nusu au amezunguka mzima. Akageuka tena. Mlima ulikuwa unatetemeka, na mama wa watu amesimama juu ya reli akingoja kwa adabu jogoo aletewe jibu.

Ndipo tone la maji likamwangukia Senyagwa shingoni. Akakumbuka kwamba kwenye kiwiko ukuta mmoja hulia maji mwaka mzima na mwingine ni mkavu, na kishubaka kiko kwenye ule wa maji. Akapaza sauti:

*Upande wa maji, jogoo! Upande wa maji!*

Mama Chilewa akanyoosha mikono, akagusa pakavu, akagusa palipolowa, akajirusha kama msichana. Kishubaka kikampokea, kikajaa. Senyagwa akasikia moto wa gari mgongoni, akasema moyoni, Mbula nisamehe, akajirusha humo humo na jogoo wake. Kwa kuwa hawangeweza kutazamana, wakapeana mgongo, mgongo kwa mgongo, kila mmoja pua ukutani na macho ameyafumba. Jogoo akachomoza kichwa katikati, juu ya mabega yao.

Gari moshi likaingia kwenye kona. Taa yake ikammulikia dereva kiumbe cha ajabu, chenye miguu minne na vichwa viwili vinavyotazama huku na huku, na katikati cha tatu, chekundu, kinachowika. Dereva akashika kamba ya honi kwa mikono miwili. Hakuiachia mpaka stesheni ya Mhelule, na hapo walimbandua vidole kimoja kimoja.

Moshi ulipotulia, wakaachana bila kutazamana. Mama Chilewa akatoka kuelekea Chisalu, Senyagwa akatoka kuelekea Mhelule, kila mmoja akishukuru kwamba siri imebaki mlimani. Walikuwa wamesahau masizi.

Senyagwa alitokea hapa kwa shemeji zake mweusi tii kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye kucha. Mbula alipiga ukelele. Kisha kaka yake akamzungusha Senyagwa ili amtazame vizuri. Mgongoni shati lilikuwa jeupe. Lakini si lote, ni kipande kimoja tu kilicho kizima na safi, chenye umbo la mtu mfupi, mnene. Shemeji wakakitazama kile kipande. Kila mmoja alimfahamu mwenye umbo lile, alikuwa amewazaa wote. Na huko Chisalu, mama yake Senyagwa alikuwa anamzungusha Mama Chilewa taratibu na kusoma mgongoni mwake habari za mwanawe, mrefu na mwembamba.

Jogoo hakupokelewa. Mtoto hakuonyeshwa. Senyagwa alisikia akilia ndani, akasimama nje na kikapu chake, na Mbula akalia ndani pamoja na mtoto. Hapo hapakuwa na la kuchekesha.

Wazee wa pande zote wakakutana siku ya pili pale stesheni, na kiongozi wao alikuwa Mzee Ndahani wa Mhelule, aliyependa mwiko kuliko ugoro. Mkwe na mkwe hawakuweza kuhojiwa wakionana, basi Mama Chilewa akakaa upande huu wa behewa la mizigo lililoegeshwa, Senyagwa upande wa pili. Wazee wakakaa mwisho wa behewa, wanachungulia huku, wanachungulia kule, mpaka shingo zikawauma. Jogoo akafungwa kwenye gurudumu, kwa kuwa alikuwa shahidi.

"Mwiko umevunjwa," akasema Mzee Ndahani. "Migongo imesema. Mbula na mtoto watabaki kwa mama yake mpaka mavuno mengine."

Mama Chilewa akasimama. Akamgeukia jogoo, maana bado alikuwa anaongea mbele ya mkwe wake.

"Jogoo," akasema, "waambie wazee. Mwiko unasema tusionane. Mimi niliyafumba macho yangu, na yake aliyatia ukutani. Mwiko unasema tusisemezane. Hakunisemesha, alikuimbia wewe, nami nikakujibu wewe. Habari za migongo sijawahi kusikia mzee akizisema tangu nizaliwe."

Wazee wakatazamana. Ilikuwa kweli, hapakuwa na mwiko wa migongo.

"Na waambie hili pia," akaendelea. "Yule kijana alikuwa na nafasi ya kukimbilia kile kishubaka peke yake. Alikuwa anakijua. Alisimama juu ya reli, nilimsikia akizunguka kama pia, anatafuta mkono wangu wa kulia uko wapi, na gari liko nyuma yake. Mwiko tuliwekewa ili tuheshimiane. Kama ipo heshima kubwa kuliko hiyo, anionyeshe mtu, nami nitakaa na binti yangu hata mavuno kumi."

Upande wa pili wa behewa alisikika mtu akipenga kamasi.

Mzee Ndahani hakuwa mtu wa kuyumbishwa na kamasi. Akasema, "Kila mtu anaweza kuyavuta maneno yake akayaita wimbo. Aimbe tusikie. Kama ni maneno, ni maneno."

Senyagwa akaimba. Sauti ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa ile ya vibarua, na vibarua wa stesheni waliokuwa wakipakia magunia wakaidaka bila kuombwa. Mama Chilewa akajibu kwa upande wake, kulia kwake au kwangu. Wimbo ukanyamaza. Na kwa kuwa Senyagwa alikuwa mkweli, hakuweza kuliimba jibu kabla hajafanya alichofanya handakini. Akageuka. Vibarua wakadhani ndivyo wimbo ulivyo, nao wakageuka. Wanawake waliokuja kusikiliza wakageuka na watoto mgongoni. Kisha wote kwa pamoja wakapaza, *Upande wa maji, jogoo! Upande wa maji!* Na jogoo akawika.

Walipotazama mwisho wa behewa, wazee wote walikuwa wamekaa isipokuwa mmoja. Mzee Ndahani alikuwa amesimama, amegeukia ukuta wa stesheni, amewapa watu mgongo. Aligeuka nao, akasahau kurudi.

Watu wakacheka mpaka mkuu wa stesheni akatoka nje kutazama. Mzee Ndahani akajikung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akakaa, akavuta ugoro kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Maneno hayajawahi kuninyanyua mahali nilipokaa. Huu ni wimbo." Na hukumu ikawa hiyo.

Jogoo akapokelewa, ila hakuchinjwa; alikufa kwa uzee, amenenepa, na mpaka mwisho alikuwa mgomvi. Na mtoto alipelekwa kwa baba yake kwa kupita handaki lile lile. Mama Chilewa alimbeba mwenyewe, anaimba toka mlangoni, na Senyagwa akamjibu kutoka upande wa pili. Walipofika kwenye kiwiko wakanyamaza, na mama akamweka mtoto ndani ya kishubaka, akageuka, akaondoka. Senyagwa akaja akimpapasa kwa kufuata ukuta wenye maji. Hivyo ndivyo babu yangu alivyomshika mama yangu kwa mara ya kwanza, gizani, bila kumwona, na alisema mpaka anakufa kwamba alimjua.

Na tangu siku hiyo, mtu wa kwetu haingii handakini bila kuimba. Huimba mpaka penye swali, akanyamaza na kusikiliza kama kuna mtu mbele. Wimbo ukatoka handakini ukaingia kwenye harusi, na kwenye harusi hunyamaza pale pale, na watu hugeuka pale pale. Na tangu siku hiyo gari moshi, hata hili la siku hizi lisilo na moshi, hupiga honi kabla ya kuingia Lukando. Wenye reli watawaambia ni sheria ya usalama. Sisi tunajua ni yule dereva, aliwaambia wenzake kuna mwenyewe humo ndani, nao tangu hapo wanapiga hodi.

Kwa hiyo wewe wa spika, sogea karibu, acha kujificha nyuma ya nguzo. Pale unapopaita pengo, kuna mtu amesimama juu ya reli, anageuka gizani, anatafuta kulia kwa mwenzake ni wapi. Kesho binti yetu anaolewa. Wimbo utakapofika pale, uzime huo mtambo wako, ugeuke na wewe.

Haya, nani huyo ameacha kuchambua? Naona changarawe kutoka hapa nilipokaa.